Mikono ya Chai na Mashine ya Nairobi

Mashine iliyonikatisha masomo sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Ilikuwa Nairobi, ndani ya jumba ambalo nalo sikuwahi kuliona, na sisi tulikuwa huku Kisii, karibu na Ikonge, kwenye chai na ndizi na matope. Lakini mwaka wangu wote wa darasa la saba tuliishi nayo kama mtu anavyoishi na mgeni wa heshima asiyejua anakula nini wala anachukia nini. Tulikuwa tukikisia tu. Na nikikumbuka tulivyokisia, hasira hunipanda hadi leo, na nywele zangu zimeshakuwa nyeupe.

Ilikuwa miaka ya sabini. Waliotutangulia shuleni walikuwa wakifanya mtihani wa kuandika, na mtu mwenye macho na kalamu nyekundu akausoma. Akikasirika, amekasirika, akicheka, amecheka. Mimi huo mtihani ndio ungenifaa, maana nilikuwa msemaji. Sijisifu, ulikuwa ugonjwa wa nyumbani kwetu. Ukiniuliza mbona ng'ombe amepunguza maziwa, ningeanza na nyasi, nipitie kwa jirani aliyesogeza mpaka, nifike kwa ndama, na mwisho kabisa ndipo ningekumbuka ng'ombe mwenyewe. Mwalimu wetu wa darasa la tano na la sita, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akivuta kiti akae aniache nimalize. Mama alikuwa akisema huyu atakuwa mwalimu au wakili, kwa sababu hakuna kazi nyingine inayomlipa mtu kwa mdomo.

Halafu mzee yule akastaafu, tukaletewa kijana. Alikuwa na suruali pana chini, viatu vya kisigino na bidii ya kutisha. Simchukii. Alitaka tufaulu, alitaka kuliko sisi wenyewe. Muhula wa kwanza aliitwa Kisii mjini kwenye mkutano wa walimu, akarudi na habari kwamba mtihani wetu utasahihishwa na kompyuta. Neno lenyewe tulilisikia kwake kwa mara ya kwanza. Mmoja wetu akauliza kompyuta ni mtu wa kabila gani, tukacheka sana, na mwalimu hakucheka.

Alichora visanduku ubaoni, safu kwa safu. Akaeleza kwamba kila swali litakuja na majibu manne, A, B, C na D, na kazi yetu ni kuchagua moja na kukipaka kisanduku chake weusi wa penseli. Hakuna kuandika sentensi. Mashine haijui kusoma sentensi. Haijui jina la mtu wala la baba yake, inajua namba tu, na haioni kingine chochote ila weusi. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuiona, kumbe. Alionyeshwa karatasi tu, na yote mengine alisimuliwa na mwalimu mwingine ambaye naye alisimuliwa.

Basi tukaanza kufunzwa upya. Nikiulizwa swali nikaanza, "Kwa sababu...", rula ilikuwa inatua mezani, pa! "Sitaki sababu," mwalimu alisema. "Herufi." Tulijibu kwa herufi asubuhi, tukajibu kwa herufi mchana. Alitufundisha kwamba kati ya majibu manne mawili ni ya wajinga, uyatupe kwanza, kisha ushindane na mawili yaliyobaki. Alitufundisha kutotafuta jibu kichwani, tulitafute pale kwenye karatasi, maana limeshaandikwa, liko linakungoja. Nilikuwa mgumu mwezi wa kwanza. Baadaye nikawa hodari kuliko wote. Yaani swali halijaisha, mimi nimeshatupa mawili. Nilishika nafasi ya kwanza, na mwalimu akawa akinionyesha kwa wageni.

Nyumbani nilinyamaza. Sikujua kama nimenyamaza; Mama ndiye aliyesema. Alikuwa akiniuliza habari za shule na mimi namjibu neno moja. Aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba sasa msichana wake amekua, ameacha maneno mengi. Walimpongeza.

Sasa ya mikono. Anayejua chai anajua kwamba jani bichi lina maji yake, na maji hayo yakikauka kwenye vidole yanakuwa meusi. Hayatoki kwa sabuni. Ukichuma leo na kesho na kesho kutwa, vidole vinakuwa kama vya mtu aliyekuwa akikwangua masizi. Sisi sote tulikuwa tukichuma kabla ya kwenda shule na tena Jumapili kutwa, kwa maana wengi wetu tulikuwa Wasabato na Jumapili ni siku ya kazi. Na aliyekuwa hana chai ana ndizi, na utomvu wa ndizi ni mbaya zaidi. Kwetu mikono kama hiyo haikuwa aibu. Ilionyesha kwamba nyumba yenu ina kitu shambani.

Muhula wa pili mwalimu aliitwa tena mjini. Alirudi na karatasi moja ya mfano, akaipitisha darasani ili kila mtu aishike aizoee. Ilipomrudia aliitazama, akaigeuza. Ilikuwa na alama za vidole vyetu kila mahali. Akaenda dirishani akaitazama tena. Alitueleza polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba mashine ikiona weusi mahali pawili kwenye swali moja inahesabu kwamba umejibu mara mbili, na hapo umekosa. Mmoja akasema lakini mwalimu, hiyo ni chai.

"Mashine haijui chai," akasema.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimeikunja mikono yangu kwapani.

Lazima nieleze kilichokuwa mbele yangu, la sivyo mtu ataona nilikuwa nikilia kwa upuzi. Baba alikuwa ameshasema, na Baba hakuwa mtu wa kurudia. Nikipata nafasi ya sekondari, atauza ng'ombe nisome. Nisipopata, kulikuwa na watu wa upande wa Ekerenyo waliokuwa wameshatuma mtu kuuliza habari zangu. Mwanamume mwenyewe nilimwona mara moja sokoni, mkubwa, ana meno mazuri, sina neno baya juu yake. Ila sikumtaka. Nilitaka kusoma hadi nichoke mimi mwenyewe. Na Mama alitaka hivyo kuliko mimi. Yeye hakusoma hata siku moja. Alitolewa kwao akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa, na alikuwa akisema wazi, mbele ya Baba, kwamba huyu mmoja hatoki hapa bila barua ya shule mkononi. Watu wa Ekerenyo walipokuja kuuliza aliwapa chai nje, uani, hakuwaingiza ndani.

Nilipomweleza habari ya weusi, Mama hakubisha. Alinyanyua mikono yangu, akaitazama mbele na nyuma, kisha siku ile ile akanitoa kwenye chai. Sehemu yangu akaichuma yeye. Alikuwa akitoka shambani wakati wengine wameshapima majani yao na kwenda nyumbani, kikapu kimejaa hadi shingo imezama. Baba alinung'unika kwamba mtoto analelewa kama mke wa diwani. Mama akamwambia anung'unike polepole, mtoto anasoma.

Alinisugua kwa majivu. Alinisugua kwa limau, kwa mchanga wa mtoni, kwa majani fulani ambayo nyanya alisema yanatoa doa lolote. Ngozi ya vidole ikatoka vipande, ikaota nyingine, nayo akaisugua. Kanisani mzee mmoja alisimama akauliza kama ni halali watoto wa Mungu kuitwa kwa namba, maana namba katika Ufunuo tunaijua ni ya nani, na Mama, ambaye hakuwahi kusema lolote kanisani, aliinuka akamwomba mzee aombee vidole vya watoto, namba awaachie wenyewe. Wakaombea vidole. Ninyi chekeni. Sisi hatukuwa na mwingine wa kumwuliza. Ukimkosea mtu unamtuma shangazi yako akakuombee radhi. Mashine utaituma kwa nani?

Na bado Mama hakuridhika. Weusi ulipungua, haukuisha. Ulibaki kwenye mistari ya vidole na pembeni mwa kucha. Akasema basi dawa ni kutoigusa karatasi. Jioni alinikalisha mezani, akaniwekea kipande cha mfuko wa unga, akanifundisha kushika penseli mkono ukiwa juu, kiganja kisiguse, kidole kidogo kisiguse. Nikilegea ananigonga kiwiko. "Iguse kama unamgusa mtoto aliyelala," aliniambia. "Usimwamshe."

Mwalimu alikuwa amesema pia tupake weusi wa kutosha. Nakumbuka vizuri alisema. Lakini mtu mwenye hofu mbili huifuata iliyo kubwa.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi mgeni, akatukabidhi karatasi kana kwamba anagawa mayai. Hesabu ilikuwa ya kwanza. Nilipofungua maswali roho ilitulia kabisa, maana niliyajua. Wacha niseme tena, niliyajua. Nilikuwa natupa mawili, nachagua, napaka. Mkono ulikuwa hewani kama Mama alivyonifunza, bega linaniuma, jasho linanitoka puani na mimi narudisha kichwa nyuma lisidondoke. Niligusa kila kisanduku kidogo tu, nikaondoa penseli upesi. Jirani yangu, mvulana aliyekuwa bado anachuma chai hadi asubuhi ile ile, alikuwa ameulaza mkono wake wote juu ya karatasi na kukandamiza penseli kama anachimba shimo. Nilimwonea huruma. Karatasi yangu ilikuwa safi kama sahani ya wageni. Niliitoa kwa fahari. Mchana, kwenye karatasi nyingine, bega lilikuwa limechoka na mkono ulishuka wenyewe, nikalia kidogo kwa sababu nilijua nimezichafua.

Matokeo yalikuja Januari. Mwalimu mkuu aliyasoma barazani. Yule mvulana alipita vizuri, akaitwa shule ambayo hata jina lake tulikuwa tukilitamka kwa heshima. Karatasi za mchana nilizozililia nilikuwa nimezipita. Hesabu nilipata alama ya mwisho kabisa, ambayo haipati hata mtoto anayechagua huku amefumba macho. Sikupata shule yoyote. Mwalimu kijana alisimama pale na suruali yake pana, akakisoma kikaratasi cha matokeo yangu tena na tena, akaondoka bila kuniaga. Nilitaka kufa. Sisemi kwa kutia chumvi. Nilikaa nyuma ya jiko nikitafuta njia ya kufa isiyomwaibisha Mama, na sikuipata.

Mama hakulia. Alisema mashine imekosea. Alisema hivyo kwa Baba, alisema hivyo kwenye kituo cha kupimia chai mbele ya watu, alisema hivyo kanisani. Nyanya akamwambia maji yakishamwagika hayazoleki. Akajibu kwamba haya hayakumwagika, yameibwa, na akanivalisha gauni la Sabato tukaenda Kisii.

Ofisi ya elimu ilikuwa na dirisha dogo lenye nyavu, na foleni ya wazazi waliobeba kuku na mayai na machozi. Mama hakuwa na Kiswahili, alikuwa na maneno ya sokoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemkalimania kesi yangu mwenyewe. Afisa alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole, amechoka. Alichukua namba yangu, akatafuta kwenye makaratasi yake, akanitazama juu ya miwani. Akasema katika hesabu alama hii ni ya mtu aliyeacha karatasi karibu tupu.

Nikamwambia nilijibu yote.

Akauliza nilikuwa nikipaka vipi. Akanisukumia penseli na karatasi chini ya nyavu, nimwonyeshe. Nikainua mkono, kiganja kisiguse, nikapaka visanduku vichache kama nilivyofanya siku ile. Aliichukua karatasi, akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha karibu na uso. Akasema taratibu kwamba weusi huu hata yeye anauona kwa shida, sembuse mashine.

Nilielewa yote hapo hapo, nimesimama, na Mama yuko begani kwangu ananivuta mkono wa gauni, anauliza mtu huyu amesema nini.

Nilimwambia kwa Kigusii kwamba mashine haikuona majibu yangu.

"Ni chai?" akauliza. "Ni uchafu?"

Nikasema hapana, hakukuwa na uchafu. Karatasi ilikuwa safi. Akauliza basi haikuona kwa nini. Nikasema haikuona tu. Ningemwambia nini? Kwamba ni ule mkono alionigonga kiwiko jioni kwa jioni? Sikuweza, na sikuwahi kumwambia hadi alipokufa.

Ndipo Mama alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinisogeza kando, akaweka uso wake kwenye nyavu, akamwambia afisa kwa Kigusii, polepole, kana kwamba polepole ingemfanya aelewe: "Wewe una macho. Muulize wewe." Kisha akaniamuru nitafsiri. Nikatafsiri. Afisa akasema yeye si mwenye kuuliza, siku hizi maswali yanatoka Nairobi na majibu yanarudi Nairobi. Nikatafsiri. Mama hakuondoka. Nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema wengine pia wana watoto. Mama akashika nyavu kwa vidole vyote, vidole vyeusi, vimepasuka kwa kuchuma sehemu yake na yangu, na akarudia maneno yale yale. Muulize wewe. Chochote. Sasa hivi.

Sijui kama afisa alituonea huruma au alitaka tu foleni isogee. Alivua miwani akanitazama vizuri.

"Haya, msichana. Niambie, kwa nini huku kwenu mvua hunyesha karibu kila alasiri?"

Nilijua. Mungu ni shahidi, nilijua tangu darasa la nne. Kuna ziwa kule magharibi, kuna jua la asubuhi, hewa inabeba maji, inapanda vilima vyetu hivi, inapoa, inaachilia. Mimi wa zamani ningemweleza hadi afunge ofisi. Lakini nilisimama nikamtazama midomo. Nilikuwa nangoja aendelee. Nilikuwa nangoja aseme A. Aseme A, na B, na C, na D, niyatupe mawili ya wajinga na kuchagua. Yeye alikuwa amemaliza kuuliza, ananingoja mimi, na mimi nangoja yeye, na kichwani mwangu palikuwa na visanduku vinne vitupu na hakuna kitu ndani yake. Haikuwa hofu. Hofu naijua. Ilikuwa kama kuingiza mkono kwenye chungu cha unga na kukuta umefika chini.

Mama hakuelewa swali, lakini kimya kinaeleweka kwa kila lugha. Akauliza mtu huyu ameuliza nini. Nikamwambia ameuliza habari ya mvua.

"Si umwambie?" akasema Mama.

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama, kisha akamtazama afisa, kisha akanitazama tena, na nikaona vidole vyake vinaachia nyavu, kimoja kimoja. Afisa akavaa miwani. Akasema pole mama, na akamwita aliye nyuma yetu.

Tulishuka kwenda kituo cha basi. Mara nyingi Mama alikuwa akinishika mkono mjini, hata nilipokuwa mkubwa, kwa sababu ya magari. Siku ile alitangulia. Mbele ya duka la Mhindi mmoja nilipata sauti, nikaanza kumweleza habari ya ziwa na upepo, haraka haraka, nikimfuata kwa nyuma huku watu wakitutazama. Aliniambia ninyamaze, ameshasikia.

Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema kwamba mashine ilikosea. Wakimwuliza kanisani, alikuwa akisema mtoto alijaribu. Watu wa Ekerenyo walirudi kabla ya mvua za masika kuanza. Nilikuwa jikoni, nikasikia mbwa, nikasikia hodi, nikangoja kusikia viti vikipelekwa uani. Mama alifungua mlango wa mbele, akawaambia waingie ndani.